Fedha Irudi Lini? Mwongozo wa Kuanza Biashara Ndogo ya Chakula na Kilimo Kando ya Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Mwanza au katika miji na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, asiye na ajira, mwenye akiba ndogo au asiye na akiba kabisa, ambaye ameamua kujitafutia riziki kwa chakula, iwe kwa kukipika, kukikausha, kukilima au kukifuga. Mwenye mamilioni mkononi ana washauri wengi na hanihitaji mimi. Ninaowafikiria ni kijana aliyemaliza chuo akarudi kwa wazazi wake Igoma, mama ambaye kibarua chake cha kiwandani kimekwisha, na baba wa Sengerema ambaye shamba lake la mvua halimtoshelezi tena kulisha nyumba na kulipa michango ya shule.

Ni haki msomaji ajue kwanza jinsi nilivyofikia ninachokishauri. Nilipokuwa sina kazi, dada yangu aliniazima fedha, nami nikanunua vifaranga 40 vya kuku chotara, nikavijengea banda zuri nyuma ya nyumba tuliyopanga. Hakuna hata kimoja kilichokufa kwa ugonjwa. Kilichoniangusha ni kwamba fedha yote ilikaa bandani kwa miezi kadhaa huku familia ikila kila siku, mpaka mfuko wa chakula cha kuku ukaanza kugombania shilingi zile zile na mfuko wa unga wa nyumbani, nikalazimika kuwauza kuku kabla hawajafikia uzito, kwa bei aliyoitaja mnunuzi na wala si mimi. Deni la dada nililimaliza baadaye kwa kuuza dagaa. Tangu hapo, kila mtu anayenijia kuomba ushauri wa biashara ya kuanzia, swali langu la kwanza kwake ni moja: fedha utakayoiweka leo, irudi mkononi mwako lini?

Hatua ya kwanza: panga biashara kwa siku za kurudi kwa fedha

Chukua karatasi uandike biashara zote unazozifikiria, kisha mbele ya kila moja andika idadi ya siku kati ya kununua malighafi na kupokea fedha ya mauzo. Chapati na uji wa asubuhi hurudisha fedha siku hiyo hiyo. Dagaa unaowanunua wakiwa wakavu na kuwauza kwa rejareja hurudisha ndani ya siku chache hadi wiki 2. Mchicha huchukua wiki 3 hadi 4 tangu kupanda mbegu. Kuku wa nyama wa kisasa huhitaji takribani wiki 5 au 6, chotara na wa kienyeji huhitaji miezi, na kuku wa mayai huanza kutaga karibu na wiki ya 20, yaani unamlisha miezi mitano kabla hajakupa yai la kwanza la kuuza. Samaki wa kufugwa, iwe bwawani au kwenye vizimba ziwani, hukaa miezi sita au zaidi kabla ya kuvunwa.

Asiye na mshahara wala mtu anayemlisha anapaswa kuanzia juu ya orodha hiyo, kwenye siku chache, hata kama faida inaonekana ndogo. Sababu yake haina uhusiano na ukubwa wa ndoto: nyumba yenye njaa hula mtaji, na mtaji uliofungwa kwenye kitu kisichouzika kesho huuzwa kwa hasara siku mtoto anapougua. Biashara ya siku moja ikishatoa chakula cha nyumbani, ndipo unaweza kuilisha ya wiki nne kwa utulivu, na ile ya wiki nne ikasaidia ya miezi sita. Mfululizo huo ndio nitakaoufuata hapa.

Kuhusu vizimba, ambavyo vijana wengi wa Mwanza huviulizia kwa kuwa wameviona vikipewa kipaumbele na serikali, maneno yangu ni machache: ni kazi nzuri, lakini inahitaji vibali, chakula maalumu cha samaki, ulinzi wa usiku na mtaji wa kundi zima. Anayeitaka aanze kwa kujifunza katika chuo cha uvuvi cha FETA kilichopo Nyegezi, na wakati huo huo aendeshe kitu kinachomlisha.

Hatua ya pili: kaa sokoni kabla ya kununua chochote

Tenga siku 5 au 6 za kuzunguka bila fedha ya kununulia, ukiwa na daftari tu. Nenda asubuhi mahali unapofikiria kuuzia, iwe stendi ya Nyegezi, Buzuruga, njia panda ya Buhongwa au mwalo wa karibu nawe, uhesabu watu wanaosimama, kwa maana mnunuzi wa chakula kidogo ni mtu aliyesimama akisubiri kitu. Anayepita mbio hanunui. Andika wanasubiri nini, saa ngapi, wanakula nini na wanalipa kiasi gani. Andika pia wanachokikosa, kwa kuuliza kwa adabu: "Shikamoo mama, samahani, hapa chai ya tangawizi mtu anaipata wapi?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko semina.

Mfano ulio karibu nasi ni Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi magari ya kwenda Sengerema na Geita yalisubiri kivuko, na abiria waliosubiri walikuwa wateja wa samaki wa kukaanga, matunda na maji. Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, gari linapita juu ya maji kwa dakika chache bila kusimama. Anayetafuta mahali pa kuweka meza upande ule hana budi kuhesabu upya magari yanasimama wapi sasa. Kwa upande mwingine, mkulima wa Sengerema mwenye mboga zinazonyauka haraka ameondolewa saa za kusubiri kivukoni, na hilo ni jambo la kulitumia.

Hatua ya tatu: anza na kinachouzika leo

Kwa walio wengi hatua hii ni kupika: uji wa ulezi au wa lishe, chapati, maandazi, viazi vitamu vya kuchemsha, supu ya samaki. Vyombo vingi tayari vimo nyumbani. Waonjaji wazuri wa kuanzia ni mafundi ujenzi, madereva wa bodaboda kijiweni na wachuuzi wenzako wanaofika sokoni alfajiri bila kunywa chai, kwa sababu hao wanarudi pale pale kila siku na watakuambia ukweli kuhusu chumvi.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi, hivyo tuifanye pamoja kwa mfano wa chapati. Bei nitakazozitaja ni za kufundishia tu, nawe weka za sokoni kwako. Tuseme umenunua unga wa ngano kilo 2 kwa Sh 4,000, mafuta ya Sh 3,000, chumvi ya Sh 200, mkaa wa Sh 1,500, na umetumia Sh 800 kwa maji na nauli. Jumla ni Sh 9,500. Umepata chapati 24, ukaziuza Sh 500 kila moja, ambazo zingeleta Sh 12,000 na kukuachia Sh 2,500. Sasa chapati moja imeliwa na mtoto, nyingine umempa jirani aliyekusaidia kubeba meza, na ya tatu imelala. Hizo 3 ni Sh 1,500, na faida ya siku nzima imebaki Sh 1,000. Sikuandika haya ili mtu amnyime mwanawe chapati. Nimeyaandika ili chapati ya mtoto ihesabiwe na kuandikwa kama matumizi ya nyumbani, maana yule anayesema "biashara haina faida" mara nyingi faida yake ameila bila kuiona.

Mkaa ununue kwa gunia mara tu utakapoweza, kwa kuwa kopo la kila siku ni ghali. Usafi usiuchukulie kama pambo. Mwanza imewahi kukumbwa na kipindupindu, na mpika chakula anayenawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, anayefunika chakula na kuchemsha maji ya kunywa anailinda riziki yake pamoja na uhai wa wateja wake. Anayeuza chakula pia hupaswa kupimwa afya. Muulize afisa afya wa kata utaratibu na mahali pa kupimwa, usisubiri ukaguzi.

Hatua ya nne: dagaa, yaani mali iliyo mlangoni kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hakuna bidhaa inayomfaa mwanzilishi wa kando ya ziwa kama dagaa, na hakuna inayoharibiwa kizembe kama hiyo.

Elewa kwanza kalenda yake. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa huwavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukipevuka, mwanga wake hutawanya nguvu ya taa, wavuvi wengi hupumzika, na mzigo mwaloni hupungua. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza ambazo dagaa ni wengi na bei hushuka, na siku za mbalamwezi ambazo dagaa ni wachache na bei hupanda. Mwanzilishi anayenunua wakati wa giza, akawahifadhi vizuri, akauza wakati wa mbalamwezi, anapata nafuu ambayo hakuiombea mkopo.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Kwetu mvua hunyesha zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Jua likiwa kali, dagaa walioanikwa vizuri hukauka kwa siku moja. Wingu likitanda, wanakaa na unyevu, wanaota ukungu na kunuka, na mzigo uliopaswa kwenda mezani unaishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo kwa bei ya chini. Wakati wa mvua, mwenye mtaji mdogo asianike mzigo mkubwa. Anunue waliokwisha kukauka, kidogo kidogo.

Namna ya kuanika ndiyo inayotenganisha bei mbili. Dagaa wanaomwagwa juu ya mchanga huokota mchanga, kinyesi cha ndege na cha mbwa, na mama anayewapika hulazimika kuwaosha mara nne na bado husikia mchanga menoni. Dagaa wa kichanja huanikwa juu ya wavu uliotandazwa kwenye miti, kimo cha kiuno, hewa ikipita juu na chini. Kichanja kimoja cha miti ya kawaida na wavu wa zamani hakigharimu sana, na fundi wake unaweza kuwa wewe mwenyewe. Waoshe dagaa kwa maji safi kabla ya kuwaanika, watandaze wasilaliane, wageuze mara kadhaa, na uwe na turubai karibu kwa ajili ya mvua ya ghafla. Dagaa aliyekauka huvunjika ukimkunja; anayepinda bila kuvunjika bado ana maji.

Wanaoanza bila kichanja wanunue Kirumba, katika soko la Mwaloni, ambako wafanyabiashara hutoka hata Kongo, Rwanda na Burundi kufuata dagaa na samaki wakavu. Fika mapema, uzunguke kwa wauzaji kadhaa, tia mkono hadi chini ya gunia na usiridhike na walio juu. Nusa. Dagaa wazuri wanang'aa kwa rangi ya fedha na hawana harufu ya kuoza wala vumbi chini. Uliza kipimo kabla ya bei, maana ndoo na sado havifanani kwa kila muuzaji, na kitako kilichobonyezwa ndani kinaiba. Nenda na kopo lako unalolijua, au ununue kwa mzani.

Kisha ongeza thamani kwa kazi ya mikono, ambayo asiye na ajira anayo kuliko fedha. Wachambue, ondoa uchafu na waliovunjika, wagawe katika vifurushi vya gramu 250 na 500 vilivyopimwa kweli. Waliovunjika na vumbi lake usiwatupe. Utawahitaji tutakapofika kwa kuku. Ukiwa na mafuta na muda, kaanga sehemu yao: waoshe kwa maji ya moto, wachuje mpaka wakauke, watie chumvi, limau na tangawizi, uwakaange mpaka wakauke kabisa, uwachuje mafuta na kuwaacha wapoe kabla ya kufunga, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani huleta ukungu. Mafuta yakiwa meusi yamwage. Dagaa waliokaangwa kwa mafuta yaliyochoka huchacha haraka, na mteja wa ofisini aliyekula mara moja dagaa waliochacha harudi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nunua vifungashio vinene vilivyokusudiwa kwa chakula, na uvifunge kwa mashine ndogo ya umeme ya kufungia mifuko, ambayo watu watatu wanaweza kuichangia. Juu yake weka jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kufunga na namba ya simu. Wateja wake wapo maofisini, hosteli za wanafunzi, na miongoni mwa Wanamwanza wanaoishi Dodoma na Dar es Salaam, ambao hutumiwa mzigo kwa basi na kulipa kwa simu. Omba malipo kabla ya basi kuondoka.

Kichanja kikiwa wazi siku za mbalamwezi, kinaweza kukausha michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa vikiwa vibichi. Viazi vitamu msimu wake ukifika hujaa mpaka hupigwa bei ya kutupa, na msimu ukipita watu huvitamani. Michembe, na matobolwa yanayochemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa, ni hekima ya bibi zetu wa Usukumani, na sioni sababu isifungwe vizuri ikauzwa mjini. Ila usivianike juu ya wavu ule ule wenye harufu ya dagaa bila kuuosha na kuuanika juani.

Hatua ya tano: bustani ya matuta yanayopokezana

Biashara ya kila siku ikikuachia akiba kidogo, kodi au omba kipande cha ardhi chenye maji. Hata hatua 20 kwa 20 zinatosha kuanzia. Jihadhari na jambo moja la kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na nimeona watu wakipoteza bustani nzuri kwa kutolijua hilo. Vuta maji yakufuate kwa ndoo, mpira au pampu ndogo, wala usilifuate ziwa na jembe. Unapochota maji ziwani vaa buti za mpira, kwa kuwa kichocho kipo kwa wingi katika fukwe zetu na huingia kwa kupenya ngozi. Ukiona damu kwenye mkojo au tumbo likisumbua muda mrefu, nenda kituo cha afya, dawa yake ipo. Na kwa wale wa katikati ya jiji: msimwagilie mboga kwa maji ya Mto Mirongo na mifereji inayouingia. Maji hayo yanabeba taka za mji mzima, na mboga hizo zinaliwa na watoto wetu.

Lima mchicha kwanza. Andaa tuta lenye upana wa mita 1 ili ufike katikati bila kulikanyaga, changanya samadi iliyooza vizuri, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, zimwage katika mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, funika kidogo na uweke nyasi kavu juu mpaka ziote. Mwagilia asubuhi na jioni. Kosa la kawaida ni kupanda matuta yote siku moja, yote yakakomaa siku moja, ukajikuta na mafungu 200 na wateja 30. Panda tuta moja kila baada ya siku 5 hadi 7, ili kila wiki uwe na tuta la kuvuna, la kupalilia na la kupanda. Mchicha ukishazoeleka, ongeza figili, chainizi, na mgagani ambao mtu wa kwetu humlipa anayemletea ukiwa laini.

Faida kubwa ya bustani ya kumwagilia huja kiangazi, Juni hadi Septemba, ambapo mboga za mvua zimekwisha na fungu hupungua ukubwa huku bei ikipanda. Panga nguvu zako kwa miezi hiyo. Ukipiga dawa ya wadudu, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzifuate kwa uaminifu, hata mnunuzi akiwa amesimama shambani na fedha mkononi. Maswali ya mbegu na wadudu yapeleke kwa afisa ugani wa kata. Wa Misungwi na jirani zake wana kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambako kazi ya viazi vitamu imefanywa kwa miaka mingi, na mbegu safi ya viazi ni jambo la kuulizia huko.

Hatua ya sita: kuku, sasa wakati wake umefika

Anza na matetea 10 na jogoo 1 wa kienyeji, wala si vifaranga 100. Mayai hulaliwa siku 21, na ukiwatenga vifaranga na baridi na mwewe katika wiki za kwanza, kundi litaongezeka lenyewe bila fedha mpya. Adui mkuu ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinachoweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache na hakina tiba. Chanjo yake ya matone hutolewa tone moja jichoni kwa kila kuku mzima wa afya, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo panga siku moja na majirani, mchangie, mchanje kuku wa mtaa mzima. Kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwako pia.

Chakula chao sasa unacho: vumbi la dagaa kwa ajili ya protini, pumba kutoka mashine za kukoboa, na mboga zilizokomaa kupita kiasi. Usitumie dagaa wala mahindi yaliyoota ukungu, kwa kuwa sumukuvu huwadhuru kuku kama inavyowadhuru watu. Samadi ya kuku irundike ioze kabla ya kuipeleka bustanini, maana mbichi huunguza mimea.

Hatua ya saba: daftari na mifuko miwili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni, kabla ya kulala, andika mistari minne: nilichonunua, nilichouza, nilichokula au kutoa, na wanaonidai au ninaowadai. Fedha ya biashara ikae mahali pake, hata kama ni laini ya simu ya pili yenye lipa namba, na nyumba ilipwe posho inayojulikana kwa wiki. Mkopo wa bidhaa kwa wateja uwe na kikomo ulichokiandika. Kumwambia shangazi au mpangaji mwenzako "deni limefika kikomo" ni vigumu, lakini daftari likiwa wazi mezani husema kwa niaba yako bila ugomvi.

Hatua ya nane: makaratasi, kikundi na mkopo

Usianze na makaratasi, wala usiyasahau. Ukiwa na namba ya NIDA, namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA bila malipo. Leseni na ushuru wa meza ni mambo ya halmashauri, na afisa biashara ndiye wa kumuuliza. Bidhaa iliyofungwa ikianza kuingia madukani, utahitaji alama ya ubora ya TBS, na kwa mjasiriamali mdogo njia nzuri ni kupitia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iliyopo Nyakato, ambayo pia hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji.

Kuhusu mtaji, naomba nisikilizwe kwa makini. Mikopo inayotolewa haraka kwa simu au mitaani kwa kuweka dhamana ya kitanda na televisheni, ile inayoitwa kausha damu, hailingani na biashara yoyote niliyoieleza hapa. Faida ya chapati haiwezi kubeba riba ya namna hiyo. Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kikundi cha hisa cha watu mnaofahamiana, 15 hadi 30, mnaokutana kila wiki, mkinunua hisa mbele ya wote na kukopeshana kwa masharti mliyoyaandika wenyewe. Ya pili ni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hautozwi riba. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro zilizobainika, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo masharti aliyokuambia mtu wa zamani yanaweza kuwa yamebadilika. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, Ilemela, Nyamagana au popote ulipo, akueleze yaliyopo sasa.

Nendeni kwake mkiwa na daftari la miezi 3 la biashara inayoendelea. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hutawanyika fedha ikigawanywa. Kilichokwisha kuuza dagaa pamoja msimu mzima kina cha kulinda. Andikeni mapema kwenye mukhtasari kitakachonunuliwa, nani atakwenda kukinunua akiwa na nani, na siku ya wiki ya kuweka rejesho. Mkopo ukiingia, nunueni vitu hivyo ndani ya wiki ile ile, risiti zote ziwekwe kwenye faili moja, na kikao kinachofuata kianze kwa mweka hazina kuzisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kila mwanachama akiwa amekaa na nakala ya daftari lake.